Safu ya Nne

Kalamu za wino niache mlangoni, anasema karani.
Penseli ruksa.
Kisha ananiletea daftari la kodi kwa mikono miwili,
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.
Mende wamekula pembe za jalada.
Ndani, wino umegeuka chai ya rangi.

Namtafuta Mshana mmoja,
mhunzi aliyeshuka Ugweno na nyundo begani,
akapanda huku Kidia kufua majembe,
akaoa, akaongeza, akasahau kurudi.
Nyumbani tunajua hayo tu,
na kwamba mbege ilimsumbua tumbo hadi kufa kwake.

Mwaka wa kwanza wamemwandika Kishana.
Wa tatu, Shani.
Halafu anatokea Mshamu fulani, Mwislamu wa ghafla,
mgomba uleule, deni lilelile,
na dole gumba lenye kovu lililolikata katikati.
Kovu la moto halikosei tahajia.

Nacheka peke yangu.
"Umempata?"
Mara tatu, namjibu, na kila mara ana babaye mwingine.

Safu ya nne: Vibanda.
Si wake, si majina. Vibanda, vitatu,
na kila paa na shilingi zake.
Cha kwanza ni mke mkubwa, huyo ana ukoo na kaburi la saruji.
Cha pili kimepigwa mstari mwaka wa njaa.
Cha tatu ni bibi yangu.

Alama ya tiki.
Mkia wake umevuja kidogo,
kana kwamba mkono ulisita.
Labda haukusita. Labda alitua nzi.

Mama aliniachia jina nyuma ya stakabadhi ya kahawa ya KNCU,
kilo arobaini na mbili, daraja la pili,
na kwa mwandiko wake wa ngumbaru: *Mkunde*.
Nalitamka polepole juu ya safu.
Kibanda hakiitiki.

Mwaka ule wa sensa kijana alifika kwangu Pasua
na kishikwambi, viatu vyeupe kwa vumbi.
Nani walilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa?
Mimi, nikasema. Eliamini. Mtoto. Dada wa kazi.
Mwingine?
Kidole chake kikangoja juu ya kioo.
Maharage yalikuwa yanaungua, nikasema hakuna,
na sijui hadi leo kama niliidanganya serikali.

Saa tisa kasorobo. Wanafunga.
Karani amenipa mgongo, anapambana na komeo la dirisha
lililovimba kwa mvua za Aprili.
Penseli ni ruksa, alisema mwenyewe.
Naandika kwa herufi ndogo, pembeni ya tiki:
M, k, u

komeo linalia,
n, d