Ukurasa wa Kiajemi, Ujiji

Ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati la Bi Asumini,
ukurasa wa Kiajemi:
vikonyo vya dhahabu vinavyofukuzana pembeni,
buluu ya jiwe lililosagwa,
na mstari wa kijani ambao, mwaka hadi mwaka,
umeila karatasi kimyakimya
hata maandishi ya katikati yakadondoka
kama kioo cha dirisha.

Mtaani hakuna aliyewahi kuyasoma.

Akabandika humo madeni yake ya mawese:
Kitenge, dumu moja.
Mwamvua, nusu.
Feruzi, madumu matatu, tangu Mfunguo Tatu.

Feruzi alikuja na pesa mkononi.
Akaliona jina lake limezungukwa na dhahabu;
akakaa, akaomba maji,
akaondoka nazo.

"Nikilipa, si utanifuta?"