Fundi wa Meno Barabara ya Kumi na Moja

Wenye akili huanzia Hualien
na kushuka kusini, upepo ukiwasukuma mgongoni.
Mimi nimeanzia Taitung, Januari,
kwa sababu treni ya kwanza yenye nafasi ya baiskeli
ilikuwa inakwenda Taitung.
Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeulizwa mara tisa.

"Shangazi, umegeuza njia!" anapaza kijana wa miwani ya rangi,
ananipita akiteleza kama sabuni bafuni,
miguu imepumzika.
Nami nakanyaga. Nakanyaga mteremkoni!
Umewahi kukanyaga pedali kwenye mteremko?
Upepo umeniwekea kiganja kifuani
kama karani anayesema rudi kesho.

Miaka thelathini na moja nimechonga meno ya watu
katika chumba kisicho na dirisha, mjini Taichung:
magego ya mahakimu, chonge za wauza nyama,
kila taya na namba yake, hakuna uso.
Kwa hiyo mnisamehe, nikiona mwamba naona gego.
Toka Dulan nimehesabu matano yaliyooza,
na moja, jeusi, limesimama peke yake majini,
ambalo ningeliacha lilivyo.

Chenggong. Sulisuli kalazwa kwenye sakafu ya mnada,
mtu anammwagia maji kwa mpira,
pua yake ndefu imeelekea mlangoni, kwangu.
Nanunua ndizi mbili, na plasta ya goti.

Vituo vya polisi huku vina pampu ya baiskeli,
maji ya moto, na afisa Tsou, ambaye leo hana mhalifu.
Njiti ya gurudumu la nyuma imekatika.
Anaishika kwa vidole viwili kama mwiba wa samaki,
anaipindua baiskeli miguu juu,
anafunga njiti mpya, ulimi nje kama mtoto anayeandika.
"Ukipita Changbin upepo utazidi," asema
kwa sauti ya mtu anayekupa hongera.

Umezidi.
Majaruba yanashuka ngazi kwa ngazi hadi Pasifiki,
yamejaa maji, hayajapandwa bado,
na kila jaruba lina mawingu yake, yanakimbia kinyume nami.
Uzuri huo niliuona kwa miguu. Tusidanganyane:
kilomita nne nimesukuma.
Nimetokwa na machozi pia. Tuseme ni upepo.

Hapo ndipo Dongi aliponiita kwa mkono
kutoka banda la mabati lililokandamizwa kwa mawe.
Mwamis, miaka themanini na mbili, kofia ya chama cha wakulima.
Alitoa shelisheli ya Julai kwenye friza, ngumu kama tofali,
akaitosa sufuriani pamoja na dagaa.
Kisha akayatoa meno yake, akayatumbukiza kikombeni.
"Hayo ni ya kupokelea wageni," akasema. "Kula, nakula mwenyewe."

Nikachungulia kikombe. Sikuweza kujizuia.
Kazi safi: mkato mzuri wa kato,
waridi ya ufizi imechanganywa kwa subira.
Fundi fulani alikesha.
Na mwenyewe anatafuna kwa fizi, kwa kasi kunishinda.

Nilicheka hadi mchuzi ukanitoka puani.
Miaka thelathini na moja! Meno yangu mangapi
yako vikombeni saa hizi, kisiwa kizima,
yakiyatabasamia mapazia?

"Ondoka alfajiri," Dongi alisema. "Upepo huchelewa kuamka."

Haukuchelewa.

Jingpu kuna mnara mweupe: hapa panapita Tropiki ya Kansa.
Nilitegemea kitu, sijui, ubaridi kidogo, mstari.
Kulikuwa na mbwa amelala, nusu huku, nusu kule.
Nikampita taratibu, mdomo wazi, nikimeza chumvi,
meno yote nje: yangu,
na lile moja la kushoto nililojichongea
Jumapili fulani, maabara tupu, redio imezimwa,
kwa mara ya kwanza nikijua ni la nani.