Daftari Kando ya Pampu

Mchana mimi ni fundi baiskeli, Ngamiani.
Mnyororo ukilia nausikia tangu kona ya pili.
Usiku, duka likishafungwa,
naiwasha kompyuta niliyoinunua mnadani
ofisi ya katani ilipofilisika:
ubavuni bado ina namba ya mali, kwa rangi nyeupe,
na ukiitikisa inadondosha vumbi la nyuzi.

Ilikuja na madirisha yake mazito,
kila asubuhi yakidai leseni
kama mgambo wa soko na ushuru wake.
Shemdoe wa stesheni akanipa flashi, ndogo kama ukucha.
"Jaribu hii. Haiuzwi.
Ukitaka kuifungua uone matumbo yake, fungua.
Ukiitengeneza ikawa nzuri zaidi, mpe na mwenzio."
Nikacheka. Nikamwambia, basi hiyo ni baiskeli.

Siku tatu sikulala.
Skrini nyeusi, kijistari kinapepesa
kama mwia mlangoni, anangoja mimi nianze kusema.
Sauti ikagoma. Printa ikagoma.
Waifai ikanikubali usiku wa manane, asubuhi ikanikana.
Nikajifunza kuwa nafasi moja iliyokaa vibaya
ni kama nati iliyolegea:
huijui mpaka ufike mteremkoni.

Nilichokipata nilikiandika kwenye daftari la shule,
lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake,
nikalitundika kwa uzi wa katani kando ya pampu.
Anayengoja kuzibiwa tairi, asome.

*Mashine kuukuu? Iwekee eneo-kazi jepesi, lisilo na mapambo.*
*Usikae na cheo cha mkuu wa mfumo kutwa. Ingia, fanya, toka.*
*Sauti ikipotea, angalia kwanza kama hukuizima mwenyewe.*

(Hilo la mwisho lilinila siku mbili.)

Mwanajabu, mchapaji barua wa Makorora,
akaongeza la kwake kwa mwandiko wa kalamu ya bluu:
*Printa ikikataa jina lake, iite kwa jina la dada yake.*
Nilidhani ni mafumbo. Nikajaribu. Ikachapa.

Halafu ukurasa wa thelathini na moja.
Amri fupi ya kufagia mafaili yasiyotakiwa.
Niliiandika nikisinzia,
nikaacha nafasi pasipostahili nafasi.
Kihiyo, mtunza hesabu wa kikoba cha Mikanjuni,
akainakili herufi kwa herufi, kwa kuniamini.

Hakuja na kelele. Aliegemeza baiskeli, akakaa.
"Kompyuta yangu imekuwa safi," akasema.
"Safi kama sahani iliyolambwa."

Miaka sita ya michango.
Siku kumi na moja tukaiokota,
kwenye stakabadhi zilizofungwa pindoni mwa khanga,
kwenye ujumbe wa simu zilizopasuka vioo.
Bi Zawena alikumbuka kila mchango wake
kwa mtoto aliyekuwa mgongoni mwaka ule.
Elfu saba na mia tano hazikupata mwenyewe mpaka leo.
Wamama hawakunitukana. Ningependa wangenitukana.

Nilitaka kuuchana ule ukurasa.
Kihiyo akanishika mkono, akaomba kalamu nyekundu:
*HAPA PANA SHIMO. Nakili kila kitu kwanza, weka pengine,*
*ndipo ufagie. Ni mimi, niliyetumbukia.*

Tangu hapo watu wanaandika pembeni.
Mwingine anakataa neno langu "mzizi",
anasema linanuka uganga.
Mwingine ananijibu mimi nisiyemuuliza.
Kuna ukurasa wenye mafuta ya sambusa
ambao hakuna anayeuelewa, na kila mtu anausifu.

Jana alikuja binti wa sare ya shule, tairi la nyuma chini.
Nikaviringisha tyubu kwenye karai, nikitafuta povu.
Yeye akasoma, akakunja uso, akaomba kalamu.
Akaufuta mstari wangu wa pili, akaandika mfupi zaidi,
na kweli ulikuwa bora.

Sikumtoza hela.
Wala sikumwambia lile daftari lilianza kuwa la nani.
Uzi wake umeanza kuchakaa, unakatika nyuzi mojamoja.
Nikimaliza hili gurudumu nitausokota mwingine.