Maombi kwa Aliyetengeneza Programu ya Nakala

Wewe uliyeiandika programu hii,
sijui jina lako, sijui kama kwenu kunanyesha.
Mimi ni Famau Shee, duka la Langoni,
mlango wa tatu ukishapita wauza mabati.
Meza moja, feni moja, na diski za watu
kwenye kopo la biskuti, kila moja na kibandiko.

Sikuandikii kukushukuru, ingawa shukrani zipo.

La kwanza ni dogo. Unaposema "imebaki dakika moja",
nami nikaenda kuswali alasiri nikarudi,
nikaikuta dakika ile ile imekaa kama mgeni asiyeaga,
sema tu hujui. Siyui, kama tusemavyo hapa.
Hatutakucheka.

Umeme ukikatika
(nao hukatika, hasa siku za harusi)
usianze upya. Mshona kofia akiitwa jikoni
akirudi analijua tundu aliloachia.

Na niruhusu kutoa kimoja. Watu hawaji kutaka diski nzima,
mtu anataka picha ya marehemu akicheka,
risiti ya punda.
Kwa nini nimwage gunia zima kwa kibaba cha mchele?

Sasa lile lililonikalisha kuandika.

Bi Somoe Lali, mkunga, Matondoni.
Daftari zake ziliingia mchwa. Zilizopona
mjukuu wake akazichapa, usiku baada ya usiku:
watoto mia sita na kumi na wawili,
saa, uzani kwa mizani ya samaki, jina la mama,
na nani alishika taa.
Ofisini wakikuuliza, "Ulizaliwa wapi, na nani ajuaye?"
watu wa Matondoni walikuwa na karatasi ya kujibu.

Akaniletea diski, na mpya kando yake.
"Nitilia yote humu, mwanangu."
Zote nyeusi, zote ukubwa mmoja.
Ukaniandikia Chanzo, ukaniandikia Lengo,
Diski 1, Diski 2, herufi kama mayai ya chawa.
Ukauliza: Una hakika?
Nani asiye na hakika saa saba mchana, na njaa?
Nikabofya Ndiyo.

Ulifanya kazi safi, sikatai.
Bila kosa hata moja
ukanakili utupu juu ya watoto mia sita na kumi na wawili.
"Imekamilika," ukasema, kwa kijani.

Nilikuwa na chelezo cha mwaka jana.
Kwenu chelezo ni nakala ya akiba. Kwetu ni boya
linaloonyesha dema liko wapi chini.
Nikavuta. Kamba tupu.
Faili lilikuwepo na jina lake, halikufunguka,
limeoza kimya miezi kumi na mmoja,
nawe kila Ijumaa ukinipa alama ya vema.
Basi jaribu kukifungua ulichokihifadhi
kabla sijakihitaji,
na ukikuta kimeoza piga kelele. Usinistahi.

Bi Somoe hakupiga yowe. Alikaa kwenye benchi
akaanza kuwahesabu kwa vidole.
Alifika arubaini na watatu.
Pacha wa Mwanaesha akawachanganya,
akarudi nyuma, akanyamaza.
"Mato yaliona," akasema. "Kitwa hakikuandika."

Tangu Shaaban tunapita nyumba hadi nyumba,
mimi na mjukuu wake, kila Jumamosi.
Mama mmoja anakumbuka adhana ilikuwa ikiadhiniwa.
Mwingine anakumbuka taa tu, na mkono uliotetemeka.
Tumefika mia mbili na tisa.

Kwa hiyo ondoa lile "Una hakika?".
Kabla hujafuta, niulize: Hii ya nani?
Nilazimishe niandike jina lake lote,
Somoe binti Lali, herufi moja moja,
vidole vipate muda wa kuona haya.

Na hilo likikushinda, basi japo kuza maandishi.
Mimi miwani yangu ilivunjika mguu mmoja,
nimeufunga kwa uzi.