Tarehe Moja Januari

Bahi, dirisha la mapokezi. Vumbi limeshawahi kibodi.
Mama anasema alizaliwa uwele ukitoa masuke,
mwaka ule maji yalipobeba reli.
Kompyuta haijui uwele.
Kisanduku kinawaka chekundu, hakikubali kuachwa kitupu,
na foleni imefika kwenye mwarobaini.
Naandika: moja, Januari, sitini na mbili.

Nusu ya wilaya nimeizaa hivyo mimi,
siku moja, bila uchungu.

Sechelela Ndahani wa Chipanga.
Sechelela Ndahani wa Ibihwa.
Mashine ikauliza, kwa adabu zake zote:
Huyu ni yuleyule?
Umeme ulikuwa umekatika mara mbili.
Nikabonyeza Ndiyo.

Faili la yule wa Chipanga lilikuwa la kaki,
na Sista Mbeleje, kabla hajastaafu,
aliandika juu yake kwa kalamu nyekundu,
herufi kubwa, za kufokea mtu:
HUYU ASICHOMWE PENISILINI.
Tulipohamia kwenye mfumo
sikuona kisanduku cha kufokea.
Mafaili yakaenda stoo. Mchwa husoma taratibu.

Julai, upepo wa baridi, kaja na kidonda cha mguu.
Akamwambia daktari, kijana, mpole:
Mwanangu, kuna sindano inanikataa.
Daktari akageukia kioo.
Mzio: hakuna. Kijani kibichi.
Mama, hapa umeandikwa huna.
Naye akakitazama kile kioo kama anayetazama hati ya shamba,
akavuta mkono wa gauni.

Koo lilifunguka saa saba usiku,
baada ya adrenalini, baada ya muuguzi kupiga magoti sakafuni.
Yuko hai. Anauza mlenda uleule, gengeni kwake.

Kikao kilikaa. Daktari alisoma kilichoandikwa.
Muuguzi alichoma alichoandikiwa.
Mashine ilitii.
Muhtasari ukafungwa kabla ya chai,
na jina langu halimo,
kwa sababu mfumo hautunzi jina la aliyebonyeza.

Sasa kuwatenganisha kunataka kibali cha mkoani.
Nimepiga simu mara nne. Subiri, wanasema, ombi limepokelewa.
Na Sechelela wa Ibihwa, mzima kama jiwe la kusagia,
hajui bado kwamba ana kisukari cha mwenzake,
na dozi yake imeshapangwa.

Kliniki ni Alhamisi.
Nimenunua kalamu nyekundu, shilingi mia tano,
kwa pesa yangu.