Misumari Saba

Mimi nashona tu. Chumba cha nyuma, Kamalondo,
kati ya kreti tupu za bia na choo kisichofungika,
ukutani kuna misumari saba, na kila msumari una mwenyewe.
Wa kwanza, karibu na kioo, ni wa Kabedi:
alimaliza shule ya masista, Kifaransa chake kimepigwa pasi,
ndicho kinachompeleka kwenye meza ya wahandisi wa mgodi.
Wa saba, mlangoni mwa choo, ni wa Numbi wa Katuba,
mama wa wawili, anayecheza hadi sakafu iombe radhi,
na analipwa kwa vifuniko.
Kifuniko kimoja, chupa moja aliyomfanya mtu anunue.
Alfajiri anavimwaga mezani, meneja anavihesabu
kwa ncha ya kalamu, kama anayechambua mchele wenye mawe.

Mpiga muziki ana mshahara. Bawabu ana mshahara.
Hata anayelinda magari amepewa koti la mvua.

Mtoto wa Numbi alipolazwa na malaria
kaye iliandika: siku tatu, faini.
Mwezi uleule Monga alimwagia bia mashine ya muziki,
tukakaa kimya usiku mzima, kaye isiandike kitu.
“Mwanaume,” alisema meneja, “ana mambo mengi kichwani.”
Kabedi alicheka. Nilimwona. Kisha akaangalia kucha zake.

Jumanne mke wa patroni alisimamisha gari nje.
Hakushuka. Kioo kiliteremka vidole vinne,
kitambaa cha dhahabu kikapita:
gauni refu, mikono mirefu, la ubatizo wa mjukuu.
“Na lisije likanuka humo ndani.”

Kikabaki kipande, dhiraa moja na robo.
Nikamshonea Numbi nguo ya jukwaani.

Jora moja. Mkasi wangu ndio uliojua
kipi cha kubarikiwa na kipi cha kupigiwa mluzi.

Ubatizo ukapita. Jumamosi Numbi akapanda aking’aa,
patroni akainua macho kutoka kwenye glasi, akakunja uso
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni.
Hakusema kitu. Angesema nini?

Mimi bado nadai pesa za vifungo vya Pasaka.
Jana asubuhi nilipigilia msumari wa nane, wangu,
karibu na kioo.
Leo nimekuta Kabedi ameutundikia mkoba wake.