Mlio wa Pili

Kwanza kibanio cha nguo, cha mbao, kimoja.
Buibui nalikunja mpaka chini ya goti, nalibana,
maana mnyororo hauna haya:
ukidaka pindo haujui kama hiyo ni sitara ya mtu.

Kisha simu. Si mkobani. Kifuani.
Lami inapoingia msituni Ngezi, giza bado,
nampigia Bikombo mlio mmoja, nakata.
Maana yake: naingia.
Nikiiona nyumba ya kwanza ya upande wa Konde,
mlio mmoja tena: nimetoka.
Hatutumii hata senti.
Kampuni ya simu haijui
kwamba miaka mitatu imenisindikiza bure.

Mama yangu hakuogopa wanaume wa Ngezi.
Aliogopa wenyewe wa Ngezi, wasiotajwa magharibi.
Alinifundisha kuubishia msitu hodi,
nami nabisha: hodi wenyewe, napita, sina baya,
mimi mpima malaria tu, nawahi zamu.
Hawajanifanya kitu.
Popo wananing'inia juu kama miavuli iliyofungwa,
na hakuna hata mmoja
aliyewahi kuniuliza naolewa lini.

Aliyenifuata alikuwa na kofia ngumu
na pikipiki yenye nambari ya serikali kama pikipiki zote.
Alizima taa.
Mtu anayetaka kupita huwasha taa.
Nikipunguza, anapunguza. Nikikaza, anakaza.
Injini inanung'unika kama paka aliyeona samaki.
"Dada, utachoka. Panda."
Sikujibu. Kujibu ni pumzi,
na kilima kilikuwa bado mbele.
Penye mvule ulioanguka akanipita, akanizibia njia,
akakanyaga breki, taa ya nyuma ikawaka nyekundu
juu ya nambari.
Nikaisoma. Kwa sauti. Herufi kwa herufi,
kama mtoto wa chuoni anayehifadhisha sura,
nikarudia, nikarudia,
kana kwamba ndani ya miti kuna mtu anaandika.

Dakika ishirini ndizo zangu, Bikombo anazijua.
Ya ishirini na tano hakungoja.
Bikombo, ambaye hajapanda baskeli maisha yake,
alikuja mbio kwa miguu, mchi mkononi,
na nyuma yake wauza mikate wawili
wasiojua wanakimbilia nini.
Pikipiki ilikwishageuza. Vumbi lake nililila mimi.

Sheha aliniandikia jina, akaandika na saa.
Akaweka kalamu chini.
"Sasa mwanangu, kwa nini ulikuwa peke yako?"
Nikamwambia: sikuwa peke yangu, sheha,
yeye alikuwepo.
Ndiyo mashtaka yenyewe.

Kaka yangu akasema uza baskeli.
Nikamuuliza: na pikipiki, nani anaiuza?
Akanyamaza, akaenda kunitilia upepo gurudumu la mbele,
na ndiyo radhi yake, sikuitaka nyingine.

Siku hizi tuko wanne.
Mkasi wa ushonaji, Rahima wa kituo cha watoto,
mimi, na binti wa Time anayewahi skuli.
Simu ya Bikombo inalia mara nane kabla ya jua,
mumewe anajifunika mto.
Haipokei. Ana kipande cha mkaa,
na mlango wa duka, kwa ndani, una mistari:
wa kusimama, umeingia;
unaoukata kwa ubavu, umetoka.

Jana mstari mmoja ulibaki umesimama.
Bikombo akafika nusu ya msitu, mchi ule ule,
akamkuta binti wa Time kando ya njia,
baskeli imelala, anakula shokishoki,
mlio wa pili kausahau.
Hakumgombeza.
Alikaa chini juu ya lami, akalia sana,
kisha akanyoosha mkono
akaomba moja.